Kesi moja ya mauaji, washtakiwa wengi: namna ya kutenganisha ushahidi wa kila mmoja

Hati ya mashtaka ya mauaji inapobeba majina manne au matano, kosa linalorudiwa sana, tena na pande zote mbili, ni kuwasoma washtakiwa kama mtu mmoja. Shahidi anasema "walikuja", "walimpiga", "walikimbia", hakuna anayemuuliza nani hasa, na aliyesimama barabarani anajikuta fungu moja na aliyeshika panga. Kwa Tanzania Bara uzembe huo hauna marekebisho rahisi baadaye, kwa sababu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataja adhabu moja tu kwa kuua kwa kukusudia: kifo.

Yafuatayo yanawahusu wasaidizi wa kisheria, mawakili wanaopangiwa mashauri haya na mahakama, na ndugu wa mshtakiwa wanaotaka kuelewa kinachozungumzwa mle ndani. Namba za vifungu ni zile zilizozoeleka kabla ya Toleo la Marejeo la 2023, ambalo limesogeza baadhi yake, hasa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kabla hujaandika namba kwenye hoja yako, fungua toleo linalotumika sasa. Zanzibar ina sheria zake za adhabu na za mwenendo, kwa hiyo usihamishe namba hizi kwenda huko.

Jamhuri (upande wa mashtaka) inamshika huyu kwa njia ipi?

Hili ndilo swali la kwanza, na huulizwa kwa kila jina peke yake. Njia ziko tatu.

Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa mtenda kosa yule aliyelitenda kwa mkono wake, aliyefanya jambo ili kumwezesha mwingine, aliyesaidia, na aliyeshawishi au kuagiza. Hapa Jamhuri inapaswa kuonyesha tendo mahususi: alimshika marehemu mikono, alileta petroli, alifunga mlango kwa nje.

Kifungu cha 23 ndicho cha nia ya pamoja. Watu wawili au zaidi wakiungana kutimiza jambo lisilo halali, na katika kulitimiza kosa likatendeka ambalo lilikuwa tokeo la kutarajiwa la mpango wao, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Si lazima ijulikane pigo la nani ndilo lililoua.

Kifungu cha 24 kinamgusa aliyemshauri mwingine atende kosa, hata kama kilichotendeka si kilekile alichoshauri, ilimradi kilikuwa tokeo la kutarajiwa la kufuata ushauri huo.

Nje ya njia hizo kuna makosa yanayofanana na mauaji lakini si mauaji. Aliyemficha muuaji au kumsaidia kutoroka baada ya tukio anaangukia vifungu vya 387 na 213. Mke aliyempokea mumewe hahesabiwi humo. Waliopanga kuua na mpango ukaishia kwenye maneno wanakabiliwa na kifungu cha 215, kula njama ya kuua, ambacho ukomo wake ni kifungo cha miaka 14. Wakili makini hujiuliza mapema kama ushahidi dhidi ya mteja wake unaanza kabla ya kifo au baada yake. Ukianza baada, aliyemo kwenye hati ya mauaji huenda hakustahili kuwemo kabisa.

Tuseme vijana wanne wanapanga kuiba dukani usiku. Wa kwanza anavunja kufuli, panga likiwa kiunoni. Wa pili anaingia naye. Wa tatu amebaki nje juu ya bodaboda, injini inawaka. Wa nne ni mfanyakazi wa duka hilohilo. Ndiye aliyewaambia fedha zinawekwa wapi, na usiku huo amelala kwake. Mlinzi anatokea, anakatwa panga kichwani, anafariki.

Wa kwanza hana maswali mengi. Kwa wa pili, kila kitu kinategemea panga: alilijua? Lilionekana? Waliongea nini kuhusu mlinzi? Wa tatu anashikwa kwa swali lilelile, na umbali wa hatua thelathini haumwokoi, kwa kuwa aliyengoja na pikipiki ni sehemu ya mpango. Kwa wa nne, angalia kwanza kama alijua duka lina mlinzi wa usiku. Akiwa alijua na akawaambia "yule mzee mtamnyamazisha", kifungu cha 24 kimemfika. Akiwa aliwaambia mlinzi hayupo wiki hiyo, hoja ya tokeo la kutarajiwa inaanza kulegea.

Hapa wengi husahau kifungu cha 200. Nia ovu haithibitishwi kwa dhamira ya kuua pekee. Inatosha mtu kukusudia madhara makubwa, au kujua kwamba kitendo chake huenda kikaleta kifo au madhara makubwa hata kama hajali litakalotokea. Aya (c) inaongeza nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Kuvunja duka usiku kwa nia ya kuiba kunazidi hapo kwa mbali. Ndiyo maana utetezi wa "tulikwenda kuiba tu, hatukwenda kuua" huwa dhaifu kuliko unavyosikika kijiweni. Mwenye nafasi nzuri zaidi ni yule anayeweza kuonyesha kwamba silaha haikuwa sehemu ya mpango na hakuijua.

Nia ya pamoja haihitaji kikao. Inaweza kuzaliwa palepale. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1943, katika shauri la Tabulayenka, kwamba inaweza kubainishwa kutokana na mtu kuwapo, matendo yake, na kutojitenga kwake na shambulio. Huo ndio msingi wa kesi nyingi za watu ambao magazeti yetu huwaita "wananchi wenye hasira kali". Aliyerusha jiwe moja kwa mtuhumiwa wa wizi ambaye tayari yuko chini anapigwa na ishirini hawezi kusema jiwe lake halikuua. Lakini kuwapo peke yake hakutoshi. Aliyesimama akitazama, hata aliyepiga picha kwa simu, bado Jamhuri inadaiwa kuonyesha kwamba alihimiza, alisaidia au alizuia msaada usifike.

Je, wamewekwa pamoja kihalali?

Kifungu cha 134 cha Sura ya 20 kinaruhusu kuwashtaki pamoja watu wanaotuhumiwa kwa kosa moja katika tukio moja, watenda kosa pamoja na wasaidizi wao, na walio na makosa tofauti yanayotokana na mambo yaleyale. Mauaji ya tukio moja karibu kila mara yanaingia humo, kwa hiyo pingamizi la kusema "wasingeunganishwa" halifiki mbali.

Unaloweza kuomba ni usikilizwaji tofauti, kwa hoja kwamba mteja ataumia katika utetezi wake. Liombe kabla ya shahidi wa kwanza. Hoja ya kwamba tetezi zinapingana, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, kwa kawaida haitoshi peke yake. Mahakama inaona kusikiliza wote pamoja ndiyo njia ya kuupata ukweli, na tangu mabadiliko ya 2022 jaji halazimiki kukaa na wazee wa baraza, wananchi wanaomshauri, ambao wangeweza kuchanganywa na ushahidi usiomhusu fulani. Hoja yenye uzito ni hii: ushahidi mzito unaoruhusiwa dhidi ya mwenzake tu, hasa ungamo refu, na dhidi ya mteja wako hamna zaidi ya kutajwa ndani ya ungamo hilo.

Suala la wakili ni zito kuliko hilo, na linapuuzwa. Kesi ya mauaji haina dhamana, washtakiwa wengi hawana fedha, na mahakama inaweza kumpangia wakili mmoja washtakiwa wawili au watatu. Kabla ya kukubali, kaa na kila mmoja faragha, si wote kwa pamoja gerezani. Muulize: mwenzako alifanya nini? Jibu likimgusa mteja wako mwingine, jitoe kwa mmoja siku hiyohiyo na umweleze jaji kwamba kuna mgongano wa masilahi, bila kufichua siri. Wakili anayegundua mgongano shahidi wa sita akiwa kizimbani amekwisha kuharibu mambo: hawezi kumdodosa mteja wake mmoja kwa faida ya mwingine.

Jedwali la kila jina

Kabla shauri halijafika Mahakama Kuu kuna hatua ya mahakama ya chini, ile ambayo habari husema "washtakiwa hawakutakiwa kujibu chochote". Upelelezi ukikamilika, maelezo ya mashahidi husomwa mbele ya washtakiwa na nakala hutolewa. Hizo nakala ndizo malighafi yako. Chukua karatasi moja kwa kila mshtakiwa na uchore safu sita:

1. Alikuwapo? Nani anasema, na ukurasa gani?
2. Alifanya nini kwa mkono wake?
3. Alijua nini: silaha, mlengwa, mpango?
4. Alifanya nini baada ya tukio?
5. Ushahidi huu unaruhusiwa dhidi yake, au dhidi ya mwingine tu?
6. Nini kinauunga mkono kutoka chanzo kingine?

Sharti ni moja: neno "wao" haliingii kwenye jedwali. Shahidi akisema "walimpiga kwa fimbo", safu ya pili ya kila mshtakiwa inabaki tupu na unaweka alama ya kuuliza. Kwa upande wa Jamhuri alama hiyo ni kazi: mwendesha mashtaka amwulize shahidi wake nani alishika nini. Kwa upande wa utetezi mara nyingi ni heri uiache ilivyo. Maswali ya dodoso yanayomwalika shahidi afafanue "wao" ndiyo yanayojaza shimo ambalo Jamhuri ilikuwa imeliacha, na hili linawapata hata mawakili wenye miaka mingi kazini.

Linganisha pia maelezo ya polisi na yanayosemwa kizimbani. Ikiwa shahidi alipoandikisha maelezo alitaja watu wawili, na sasa anataja watano, kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinakuruhusu kumkabili na maandishi yake. Msomee sehemu yenyewe, mpe nafasi aeleze, kisha omba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Ukiruka hatua ya kumpa nafasi, maelezo hayatapokelewa. Angalia tena: shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa kule chini hawezi kuitwa tu, kifungu cha 289 cha Sura ya 20 kinaidai Jamhuri itoe taarifa ya maandishi kwanza.

Utambuzi usiku unastahili hesabu yake. Shauri la Waziri Amani la 1980 liliweka maswali ambayo mahakama zetu hurejea hadi leo: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, kulikuwa na kizuizi, na alimfahamu kabla? Palipo na washambuliaji wengi, muda wote hauwi wa kila mmoja wao. Shahidi aliyekuwa na dakika mbili mbele ya watu watano, huku naye akipigwa, hakuwa na dakika mbili kwa kila uso. Uliza taa ilikuwa ya aina gani na ilikuwa wapi, si "kulikuwa na mwanga?" Uliza pia ni lini alitaja jina kwa mara ya kwanza, na kwa nani. Aliyemtaja mmoja usiku uleule na mwingine baada ya wiki mbili ametoa ushahidi wa nguvu mbili tofauti, na jedwali lionyeshe hivyo.

Ungamo la mwenzake

Hapa ndipo kesi nyingi za pamoja hushindwa au kupona. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, je, karatasi yenyewe inapokelewa? Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuhusu haki zake, yanatakiwa kuandikwa ndani ya saa nne tangu mtu kuwekwa chini ya ulinzi, vifungu vya 50 na 51 vya Sura ya 20, isipokuwa muda umeongezwa kihalali au kuna muda usiohesabiwa kama ule wa kusafirishwa. Chukua saa ya kukamatwa kutoka kwa askari aliyekamata, na saa ya kuanza kuandika kutoka kwenye fomu. Hiari ni jambo la pili, na mzigo wa kuithibitisha ni wa Jamhuri. Pingamizi litolewe kabla maelezo hayajapokelewa, ili jaji afanye kesi ndani ya kesi, usikilizwaji mdogo wa pingamizi hilo pekee. Mshtakiwa anayesubiri hadi zamu yake ya kujitetea ndipo aseme aliteswa ataambiwa amelifikiria baadaye. Yakipokelewa, lazima yasomwe kwa sauti mahakamani. Yasiposomwa, Mahakama ya Rufani huyaondoa kwenye kumbukumbu.

Pili, je, ni ungamo? Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ushahidi kinahusu ungamo linalomgusa msemaji mwenyewe pamoja na mwenzake. Mshtakiwa aliyeandika "mimi nilikuwa nje sijui lolote, wote wawili ndio waliomuua" hajaungama. Amejitoa na kuwatupia wenzake, na kifungu hicho hakiifungulii Jamhuri njia.

Tatu, je, wanashtakiwa na kusikilizwa pamoja? Kifungu hicho kinadai hivyo. Mwenzake akifutiwa shtaka au akitengwa, ungamo lake la nje ya mahakama halitumiki tena kwa njia hii.

Nne, nguvu yake. Mahakama inaweza kulizingatia, lakini kijifungu cha (2) kinakataza kumtia mtu hatiani kwa ungamo la mshtakiwa mwenzake pekee. Namna iliyozoeleka tangu mahakama za zamani za Afrika Mashariki ni kuliweka ungamo pembeni kwanza, kupima ushahidi uliobaki, na kulirejea tu ili kuongeza uhakika pale ushahidi huo unapokaribia kutosha. Jaji anayeanzia kwenye ungamo kisha akatafuta cha kuliunga mkono amekwenda kinyumenyume, na hiyo ni sababu ya rufaa. Maungamo mawili ya washtakiwa wawili hayashikani mikono: ushahidi unaohitaji kuungwa mkono hauwezi kuunga mkono mwingine.

Usichanganye ungamo hilo na mambo mawili yanayofanana nalo. Mshtakiwa anayepanda kizimbani na kumtaja mwenzake chini ya kiapo ametoa ushahidi kamili, na mwenzake ana haki ya kumdodosa. Mahakama huupima kwa tahadhari ya mshiriki wa kosa. Na mshiriki aliyeondolewa kwenye hati akageuka shahidi wa Jamhuri anaangukia kifungu cha 142, ambapo kutia hatiani bila ushahidi wa kuunga mkono si haramu, ila jaji anatarajiwa kujionya. Mwulize shahidi huyo aliahidiwa nini na alikaa mahabusu siku ngapi kabla ya kubadilisha maneno.

Panga lililopatikana baada ya mshtakiwa wa pili kuwaongoza polisi linamhusu wa pili. Haliwi moja kwa moja ushahidi dhidi ya wa tatu kwa sababu tu walikamatwa gari moja.

Kesi ya kujibu na utetezi

Jamhuri ikifunga ushahidi wake, omba uamuzi wa kama kuna kesi ya kujibu, kwa kila mshtakiwa peke yake. Hapa jedwali linalipa: yule ambaye safu ya pili na ya tatu ni tupu hana kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 293 cha Sura ya 20, hata kama wenzake wanayo.

Anayedai alikuwa mahali pengine atoe taarifa kabla ya usikilizwaji, kifungu cha 194(4), au angalau maelezo yake kabla Jamhuri haijafunga. Aandike mahali, saa na watu aliokuwa nao. Bila taarifa, kijifungu cha (6) kinamruhusu jaji kutoupa utetezi huo uzito wowote. Anayedai alijitoa kwenye mpango aonyeshe kwamba alijitoa kabla ya tendo na wenzake wakajua. Kukimbia mlinzi alipopiga kelele si kujitoa.

Pima pia nia ya kila mmoja. Shauri la Enoch Kipela linaelekeza kutazama silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili, idadi ya mapigo na majeraha, maneno ya mshambuliaji na mwenendo wake kabla na baada. Ripoti ya daktari yenye jeraha moja la kisu, huku washtakiwa watatu wakidaiwa kupiga, inamfaa aliyepiga kofi, hasa kama ulikuwa ugomvi wa ghafla kilabuni. Huyo anaweza kuangukia kuua bila kukusudia, vifungu vya 195 na 198 vya Kanuni ya Adhabu, ambapo ukomo ni kifungo cha maisha na jaji ana nafasi ya kushuka. Matokeo tofauti kwa washtakiwa wa hati moja yanaruhusiwa, na mmoja kuachiwa huru hakuwafungui wengine.

Baada ya hukumu

Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani iwekwe ndani ya siku 30. Kila mmoja awe na yake, au jina lake lionekane wazi kwenye ya pamoja. Kilichotokea kwa mfungwa aliyeamini "wenzangu wamekata rufaa" huwa ni kuomba kuongezewa muda. Soma hukumu ukitafuta aya inayozungumzia utetezi wa mteja wako peke yake. Isipokuwapo, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya rufaa.

Kuhusu adhabu yenyewe, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua Novemba 2019 kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi, na Kenya Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo 2017. Tanzania Bara kifungu cha 197 bado ndicho kinachosomwa. Msamaha wa kisheria uliopo ni mwembamba: mwanamke aliyethibitika kuwa mjamzito hupewa kifungo cha maisha, na aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya kosa huwekwa kizuizini kwa muda atakaoridhia Rais. Umri unaoangaliwa ni wa siku ya tukio, si wa siku ya hukumu. Katika kundi la vijana watano, kuna uwezekano mkubwa mmoja hajafika. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au rejesta ya shule ya msingi vitafutwe mwanzoni, wakati mzazi wa kuvithibitisha bado anapatikana, na suala hilo liwekwe kwenye kumbukumbu katika usikilizwaji wa awali.